Usireseti hiyo simu kesho, nakuomba

ACHA! Unasema umeweka memori ya GB 32, fundi kakuelekeza uchague "hifadhi ya ndani", vitu vyote umevihamishia huko, na kesho anareseti simu umuuzie shemeji yako. Halafu unauliza memori ya kampuni gani ni nzuri, na majina na jumbe za WhatsApp utazihamishaje. Ndugu yangu, nyumba inaungua wewe unauliza rangi ya pazia!

Mimi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma. Mbalamwezi ikikaza, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni na wavuvi wanakuja kukopa. Giza likirudi wanalipa dagaa. Kila mkopo nilikuwa naandika daftarini, kisha naupiga picha ukurasa. Miezi saba ya picha. Daftari lenyewe mama watoto alishalichana kufungia maandazi, maana mwenyewe nilijigamba kwamba mambo yangu yote yako kidijitali. Msomi mimi.

Simu ikawa nzito. Fundi mmoja pale Mwanga, simtaji kwa sababu bado tunasali msikiti mmoja, akaniambia, "Mzee, kila kitu kipo kwenye memori. Tunasafisha simu, unachomeka, unaendelea." Akareseti. Tukachomeka. Simu ikasema kadi haisomeki, tuifomati? Tukaipeleka kwenye kompyuta, nayo ikauliza hivyohivyo kama vile walishapanga. Fundi akaipuliza. Akaifuta kwenye shati. Akaipuliza tena. Mtu ameandika mlangoni "daktari wa simu", kumbe dawa yake ni pumzi! Na hela yake ya kusafisha akachukua.

Aliyekuja kunifumbua macho ni kijana wa steshenari, tena bure. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, ukichagua hifadhi ya ndani, kama tulivyofanya mimi na wewe, simu inaifuta kadi kwanza, halafu inaifunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake unabaki kwenye simu hiyohiyo. Simu nyingine haiisomi, kompyuta haiisomi. Ukireseti, ufunguo umeutupa ziwani. Picha zangu zimo mlemle, natembea nazo kwenye pochi mpaka leo, na wa kuzifungua hayupo.

Habari zilipofika mwaloni, wadaiwa wakaanza kusahau siku hiyohiyo. Mmoja amefika mahali anasema mimi ndiye ninayedaiwa.

Sasa sikiliza. Memori ikiwa bado ndani ya simu, unganisha simu na kompyuta kwa waya, NAKILI kila kitu. Usihamishe, nakili. Toka kwenye kompyuta weka kwenye kadi nyingine ya kawaida. Kisha kadi hiyo ichomeke kwenye simu ya mtu mwingine kabisa, ufungue picha kwa macho yako: za mwanzo, za katikati, za mwisho. Video itazame mpaka iishe. Mpaka hapo ndipo fundi aguse simu, siyo dakika moja kabla. Hata akikuapia. Hata akiwa mjomba wako.

Majina yatoe kama faili la .vcf, yaani faili moja linalobeba majina na namba zote, nalo lipite njia hiyohiyo, ukalifungulie kwenye simu ya mwingine.

Shemeji mwambie asubiri mpaka Jumamosi. Akinuna, mpe asome hapa.