Jibu: Vumbi linarudi kila nikisafisha meza ya treni

Habari ndugu. Nikikuelewa vizuri, una treni ndogo ya umeme ya kuchezea juu ya meza, unapangusa reli zake mara kwa mara, lakini vumbi linarudi na treni inaanza tena kushtukashtuka na kuzima ikienda polepole.

Kabla ya kugusa reli, pindua kichwa cha treni na mabehewa uangalie magurudumu. Ukikuta utando mweusi, huo ndio unaosambaa kila mzunguko, na reli utasafisha bure. Mimi hulaza kitambaa kisichotoa nyuzi juu ya reli, nakilowesha kidogo kwa alkoholi ya isopropili, kisha magurudumu ya mbele ya kichwa yanazunguka juu yake huku ya nyuma yakipata umeme relini. Halafu nageuza. Magurudumu yenye mpira yafute haraka, alkoholi isikae.

Reli zenyewe zinatosha kitambaa hichohicho. Msasa achana nao kabisa: mikwaruzo yake inanasa uchafu upesi zaidi. Na mafuta ya ekseli yawe tone dogo tu, maana yakizidi yanadondoka na kushika vumbi.

Miti na nyumba ndogo za mezani, brashi laini mkono mmoja, kifyonza vumbi mkono mwingine, mdomo wake ukivishwa soksi ya nailoni ili kisimeze vijisanamu vya abiria wako. Kupuliza kwa hewa sikushauri. Vumbi linahamia mtaa wa pili tu.

Usipoendesha, funika meza yote kwa karatasi ya plastiki. Tujue pia vumbi linatoka wapi: dari ya chumba ikoje, imezibwa? Sakafu je, ni saruji tupu au ina zulia?