Mwanangu, kuhusu bangi na maradhi ya Shabani

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi huku Tanga hatujambo, alhamdulillahi. Umeniuliza kama ni bangi iliyomtia wazimu Shabani wa mjomba wako, au alikuwa nao tangu zamani, bangi ikasingiziwa tu.

Yote mawili yana ukweli. Babu yenu mdogo, yule wa Pangani, alikuwa akisemezana na watu asiowaona, na hata sigara hakuwahi kuvuta. Kwa hiyo kwenye ukoo wazimu umo. Lakini Shabani alianza msuba, yaani bangi, akiwa kidato cha pili, tena kila siku, umri ambao ubongo haujakomaa. Nimesoma kwamba huko Uswidi walifuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini. Majibu yalitoka 1987: waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, maradhi ya akili ya kusikia sauti zisizokuwepo, mara sita ya wale wasiovuta. Hata hivyo wavutaji wengi hawakuugua, ndiyo maana vijana wa Makorora hawatusikii tukisema. Wanawahesabu waliosalimika.

Siku alipozidiwa alichomoa betri za redio akazifukia chini ya mnazi, kwa kuwa mtangazaji, kwa kauli yake, alikuwa akimtaja jina na kuwaita watu waje kumkamata. Mjomba wako akataka apelekwe kupungwa. Nikakataa, nikasema hospitali ya Bombo kwanza. Daktari hakutafuta wa kumlaumu. Aliuliza amevuta nini, lini, na nani mwingine kwenye ukoo amewahi kuugua. Akatueleza kwamba wazimu wa ulevi aghalabu hutulia siku au wiki chache baada ya mtu kuacha. Mwezi ukipita na sauti bado zipo, huenda ni maradhi yenyewe, na dawa huwa za muda mrefu. Zake hazikuondoka. Sasa anameza dawa, analala, jana kanikunia nazi. Akigusa bangi tu zinarudi, hilo tumeliona kwa macho yetu.

Najua unauliza kwa ajili ya mdogo wako huko Dar. Usimfokee, atakuficha. Mwambie asijilinganishe na rafiki zake, wao hawana babu wa Pangani. Mchunguze kama analala. Akianza kukesha na kudai watu wanamsema, nipigie usiku huohuo, nitapanda basi la alfajiri.

Mama yako