Aligeuka, au akawa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, naishi Buffalo, New York, huu mwaka wa saba. Mwanangu ameipenda hoki ya barafuni, basi na mimi naitazama naye. Katika mechi za Sabres, timu ya hapa Buffalo, kuna mtu husimama chini kabisa, katikati ya mabenchi ya timu mbili, anaongea na kipaza sauti. Anaitwa Rob Ray. Zamani alikuwa mchezaji na kazi yake ilikuwa kupigana. Wamarekani wanamwita "enforcer". Nilimwandikia kaka yangu aliyebaki Uvira: "Rob Ray ni mtekelezaji aliyegeuka mtangazaji." Kaka akanijibu: "Kageuka? Karogwa na nani?" Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza mfikishie kaka yako salamu zangu za heshima, maana kwa maneno machache amelisema jambo ninalolipigia kelele tangu nianze safu hii. "Karogwa na nani?" Ndilo swali lenyewe. Mswahili akiambiwa mtu kageuka kitu kingine, mawazo yake yanarudi kwenye hadithi za bibi: mke aliyegeuka nyoka usiku wa manane, mzee aliyegeuka fisi akaelekea makaburini, mtoto mkaidi aliyegeuka jiwe. Huko kugeuka kuna mkono wa mtu, na kilichokuwapo mwanzo hakipo tena.

Ukitoka kwenye hadithi ukaingia mtaani, neno halipati nafuu. Kwenye gwaride sajenti akipaza sauti "Nyuma geuka!", kikosi kizima kinalipa jukwaa kisogo. Rafiki akikugeuka, amekusaliti. Kibao kikigeuka, aliyekuwa juu yuko chini. Mtu asiye na msimamo tunamwita kigeugeu, na sijamwona aliyefurahi kuitwa hivyo. Shina la yote hayo ni geu: ukitia -ka, jambo limetokea lenyewe, ukitia -za, yupo aliyelitenda, na humo humo yakazaliwa mageuzi, neno walilolishika sana wanasiasa wa Tanzania miaka ya 1990 vyama vingi viliporudi. Asili yake ndiyo hiyo, wala haina makuu. Popote neno hili linapokaa vizuri, anayegeuka anakipa mgongo kile alichokuwa akikitazama.

Sasa mtazame Rob Ray wako. Alizaliwa mwaka 1968 Stirling, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Sabres walimchagua mwaka 1988, wa 97 katika orodha ya vijana waliochukuliwa na timu za ligi kuu ya hoki, NHL, mwaka ule. Akaanza kuwachezea msimu wa 1989–90 na kukaa Buffalo misimu 14, kisha akamalizia Ottawa. Mechi 900 za ligi, mabao 41, dakika za adhabu 3,207. Nakuomba uitazame vizuri namba hiyo ya mwisho. Katika hoki, mchezaji aliyepigana huandikiwa dakika 5 na kupelekwa kwenye kizimba cha kioo kando ya barafu. Dakika 3,207 ni zaidi ya saa 53. Mechi moja ya hoki ina dakika 60, kwa hiyo hizo ni mechi 53 nzima, na zaidi kidogo, alizoandikiwa mtu mmoja.

Na aliyemo kizimbani anafanya nini? Hachezi, hana wa kumkaba. Anatazama. Anaona kocha anavyofoka, anaona nani kachoka, anaona nani anakwepa kugongwa. Leo Rob Ray anasimama wapi? Kando ya barafu ile ile, ng'ambo ya vizimba vile, akitazama mchezo ule ule wa timu ile ile na kueleza anachokiona. Hajageuka hata nyuzi moja! Uso wake uko kule kule ulikokuwa mwaka 1989. Kilichoongezeka ni kipaza sauti.

Kama kuna kilichogeuka katika maisha yake, ni jezi, na hapa neno namkabidhi kwa mikono miwili. Wapiganaji wa hoki hukamatana jezi. Anayejua kazi anaivuta ya mwenzake kwa nyuma, anaivusha kichwani, inageuka ndani nje na kumfunika uso huku mikono imenasa ndani ya nguo. Hapo mtu anapigwa kama yumo guniani. Ray alilimaliza tatizo hilo kwa kuhakikisha ukimvuta jezi inatoka yote, pamoja na vilinda mabega. Adui anabaki ameshika kitambaa kitupu, Ray yuko kifua wazi, mikono yote miwili iko huru, na ngumi zinaanza. Ligi ikachoka naye, ikatunga sheria: jezi ifungwe kwenye suruali kwa mkanda maalumu, na atakayepigana bila kuufunga atolewe mchezoni. Watu wa hoki wanaiita sheria ya Rob Ray mpaka leo. Jezi iligeuka. Mwenye jezi alicheza, akastaafu, akaingia kwenye matangazo.

Umeona nilivyosema? Alicheza, akastaafu, akaingia. Kiswahili kina -ka-, silabi moja ya kubebea safari yote ya maisha ya mtu, jambo baada ya jambo, bila kumroga wala kumsalitisha. Katika Biblia ya Union Version, mke wa Lutu alipotazama nyuma "akawa nguzo ya chumvi". Yule mwanamke alitazama nyuma kweli, na umbo likabadilika kweli. Wafasiri wale wangekuwa na kila sababu ya kuandika "akageuka", wakatosheka na "akawa". Sisi tunalitupia neno hilo kila aliyebadili ajira.

Ugonjwa huu najua unakotoka. Kiingereza kina mtindo wa kubana kazi mbili za mtu kwenye kamba moja, kazi ya zamani, kitenzi cha kugeuka, kazi mpya, ili habari ianze haraka. Mtafsiri aliyebanwa na saa anauhamisha kama ulivyo. Ndiyo maana kwa miaka mingi hatukuweza kusikia jina la Bobi Wine wa Uganda bila "mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa". Aliingia bungeni mwaka 2017, akagombea urais mwaka 2021, na sauti iliyompeleka kwa wapiga kura ni ile ile ya kwenye nyimbo zake. Aligeuka kutoka wapi? Profesa Jay alichaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na watu waliompigia kura walikuwa wakiimba mashairi yake. Msanii aliyechaguliwa mbunge. Mwimbaji ambaye sasa ni mwanasiasa. Hayo ni maneno mepesi, na yanasema kweli.

Limenikuta mimi mwenyewe. Katika chumba kimoja cha habari niliandika makala juu ya mzee anayeendesha lori na kutunga mashairi. Nilimwita "dereva wa lori ambaye pia ni mshairi". Asubuhi gazeti likatoka na "dereva wa lori aliyegeuka mshairi". Saa mbili mzee alikuwa kwenye simu. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole nilimwona lini akigeuka, maana lori liko nje ya nyumba, limejaa mafuta, na jioni anapeleka saruji Dodoma. Tajiri wake alikuwa amelisoma gazeti na kuuliza kama ameacha kazi. Niliomba radhi kwa neno ambalo sikuliandika, na tangu siku ile nikiliona likitumiwa hivyo damu inanichemka.

Sisemi neno lifutwe. Mwenyekiti aliyetetea ardhi ya kijiji kisha akaiuza usiku, huyo mwandike "mtetezi aliyegeuka mwuzaji", maana amewageuka watu wake na kila msomaji atausikia usaliti uliomo. Na barua zinazosema "lugha inakua, mwalimu" nimezisoma zote. Labda miaka thelathini ijayo wajukuu zetu hawatasikia uchawi wowote katika neno hili. Wakifika huko nitawaachia, lakini leo kaka yako Uvira ameusikia, na Kiswahili ninachokiandika ni kile cha masikio ya watu walio hai.

Nije kwenye "mtekelezaji". Hili umelitoa kwenye kamusi ya simu, sivyo? Mtekelezaji ni mtu wa mradi na bajeti. Anapewa mpango, anautimiza, anaandika ripoti. Wa kwako alikuwa anavunja sheria zilizoandikwa ili kulinda ile isiyoandikwa: ukimuumiza mchezaji wetu mzuri, utanikuta. "Mlinzi" kwenye hoki lina mwenyewe, mchezaji wa nyuma. "Mkata umeme", wanavyosema mashabiki wa soka Tanzania, ni kiungo anayezima mashambulizi kwa mpira, hapigani. "Mbabe" linakaribia, ila mbabe huweza kupiga watu kwa kupenda tu. Mimi nampa "baunsa". Baunsa ameajiriwa, anasimama karibu na mwanamuziki mwenye jina, na kazi yake inaanza mtu akivuka mpaka. Mwaka 1992 mjini Quebec shabiki alivamia barafu hadi kwenye benchi la Sabres, na aliyemkamata na kumtwanga alikuwa Ray. Tena baunsa mwema yupo: mwaka 1999 ligi ilimpa Ray tuzo ya King Clancy, inayotolewa kwa uongozi na kwa kazi za kusaidia jamii. Kama Uvira neno baunsa halijafika, sema "mpiganaji wa timu", utaeleweka.

Na "mtangazaji"? Si kosa, ila tunaweza kumsogeza karibu zaidi. Katika mechi za Sabres mtangazaji alikuwa Rick Jeanneret, kuanzia mwaka 1971 hadi alipostaafu mwaka 2022, akikifuata kile kisahani kidogo cheusi kwa sauti popote kilipokwenda. Ray ni wa kueleza kwa nini kimekwenda huko. Huyo sisi tunamwita mchambuzi.

Basi mwandikie kaka yako upya: "Kaka, yule mtu wa katikati ya mabenchi anaitwa Rob Ray. Alikuwa baunsa wa Sabres miaka 14, akastaafu, akawa mchambuzi wa mechi zao. Hajarogwa."