Antena ya zamani juu ya paa: kagua waya kwanza, busta baadaye

Ndugu muulizaji ameeleza kwamba nyumba aliyorithi Kawe, Dar es Salaam, ina antena ya zamani juu ya paa la bati, waya wake unaingia sebuleni kupitia dirishani, na tangu masika yaanze picha inaganda na kuvunjika vipande vipande kila mvua inyeshapo, kisha inatengemaa yenyewe baada ya siku mbili tatu za jua. Fundi aliyemwita amemshauri anunue antena mpya ya digitali pamoja na busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi. Nimekuwa nikishughulika na antena za nyumbani na za majirani kwa miaka mingi katika ukanda huu huu wa bahari, na ushauri wangu ni kwamba asitoe fedha yoyote kabla hajaukagua waya. Tatizo linaloletwa na mvua na kuondolewa na jua mara nyingi ni maji yaliyoingia kwenye maungio, na maji hayo yataendelea kuingia hata akinunua antena ya bei gani.

Kwanza, hakuna antena ya digitali. Antena ni vyuma vilivyokatwa kwa urefu unaolingana na mawimbi yanayotakiwa, wala haijui kama mawimbi hayo yamebeba picha za analojia au za digitali. Kazi ya kuyafumbua ni ya king'amuzi. Linalopaswa kuangaliwa ni urefu wa fito zake. Matangazo ya digitali ya ardhini tunayoyapokea yako katika masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 hadi 694, na kwa masafa hayo fito huwa na urefu wa baina ya sentimita 20 na 30 hivi. Kama fito za antena hiyo zinakaribia mita moja au kuizidi, basi ni ya VHF, yaani masafa ya chini zaidi yenye mawimbi marefu, na hiyo kweli imepitwa na wakati. Wakazi wa Dar es Salaam wenye umri wangu wanazikumbuka vizuri: kabla ya mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni, na aliyekuwa na runinga alisimamisha mlingoti mrefu akauelekeza Unguja ili ainase TVZ, televisheni ya Zanzibar. Baadhi ya milingoti hiyo ingalipo mpaka leo, na mara nyingi mlingoti una thamani kuliko antena iliyo juu yake. Lakini antena ya UHF iliyokuwa ikifanya kazi kabla ya mitambo ya analojia kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 itafanya kazi leo pia, mradi fito zake hazijakatika na kisanduku chake cha maungio ni kizima.

Tofauti kubwa iliyoletwa na digitali ni namna ubovu unavyojitokeza. Zamani mawimbi yakipungua picha ilijaa chenga kidogo kidogo, na mtu alipata onyo miezi kadhaa kabla ya kuikosa kabisa. Siku hizi king'amuzi hurekebisha makosa kimyakimya, picha ikabaki safi hadi ukomo fulani, na ukomo huo ukivukwa picha huganda ghafla. Kwa hiyo waya wake unaweza kuwa ulianza kuoza zamani, nao umebakiwa na akiba ndogo sana ya mawimbi ambayo mvua moja inatosha kuimaliza.

Ili kuujua ukweli, afungue kwenye king'amuzi ukurasa unaoonyesha vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi, na akazanie zaidi ubora. Aandike kiwango kinachoonekana sebuleni kwa stesheni moja anayoichagua. Kisha siku isiyo na mvua wala upepo ateremshe antena, au akipeleke king'amuzi na runinga ndogo karibu nayo, aunganishe kwa waya mpya wa mita mbili au tatu, na asome tena stesheni ileile. Kipimo kikipanda sana hapo, ingawa antena sasa iko chini kuliko ilivyokuwa, kesi imekwisha: mwenye kosa ni waya. Kikibaki kibovu vilevile hata baada ya antena kurudishwa juu na kuelekezwa vizuri, hapo ndipo antena yenyewe ianze kushukiwa. Mwenye multimita, kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme, anaweza kupima pia kama waya unapitisha umeme kutoka ncha hadi ncha, lakini auchomoe kwanza pande zote mbili, kwani antena nyingi kwa mita huonekana kama zina shoti baina ya kiini (uzi wa katikati) na ngao (wavu unaouzunguka) ilhali ndivyo zilivyoundwa.

Kuna jambo moja ningemwomba alifanye kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu akiliona hatahitaji kushawishiwa na mtu. Akate waya wa zamani kama shubiri moja kutoka kwenye maungio ya juu, kisha auchane ganda kwa kisu. Waya mzima una wavu wa ngao unaong'aa na kiini chenye rangi ya shaba mpya. Waya uliokula chumvi ya bahari una wavu mweusi au wa kijani unaobomoka ukiusugua kwa kidole, na mara nyingine ukiuinamisha tone la maji litachuruzika kutoka ndani. Maji hayo huingilia juu, penye maungio, na husafiri ndani ya wavu kuelekea chini, hata nimewahi kuyakuta nyuma ya runinga, upande wa pili wa nyumba. Waya uliofikia hali hiyo haukaushwi wala hauungwi; unatupwa wote. Afungue vilevile kisanduku cha plastiki kilicho kwenye antena, ambacho kazi yake ni kuoanisha omu 300 (kipimo cha ukinzani wa umeme) za antena na omu 75 za waya. Humo atakuta kutu, na nyigu wakiwa wamejenga, basi asifungue akiwa juu ya ngazi.

Sasa kuhusu busta. Busta hukuza kila kinachoingia ndani yake, mawimbi mazuri pamoja na kelele, na haiwezi kurudisha ubora uliokwisha kupotea kabla ya kuifikia. Ikifungwa chini, nyuma ya runinga, mwisho wa waya uliooza, itapandisha kipimo cha nguvu na kumfurahisha fundi, huku kipimo cha ubora kikibaki palepale. Ubaya mwingine ni kwamba busta nyingi za zamani zilitengenezwa kukuza hadi megahezi 862, na sehemu ya juu ya masafa hayo, kuanzia 694, imekwisha kupewa simu za mkononi. Nyumba iliyo jirani na mnara wa simu inaweza kupata picha mbaya zaidi baada ya kufungiwa busta kuliko ilivyokuwa kabla. Busta ina mahali pake: waya ukiwa mrefu sana, au mawimbi yakigawanywa vyumba vingi. Hapo ifungwe juu karibu na antena, tena iwe ya aina inayochuja masafa ya simu.

Waya wa kununua ni RG-6 wa omu 75, wenye wavu mzito juu ya karatasi ya aluminiamu, na ganda jeusi linalostahimili jua. Muuzaji akimpa wenye nyuzi za ngao chache za kuhesabika, aurudishe. Mita 20 za RG-6 nzuri hupoteza takribani desibeli 3 hadi 4, yaani nusu ya nguvu au zaidi kidogo, na kigawanyio cha runinga mbili hula kiasi kama hicho tena, kwa hiyo kama runinga ni moja akiondoe hata kama kimekuwepo siku zote. Waya upite mmoja kutoka juu hadi chini bila kuungwa katikati. Desturi ya kusokota ncha mbili na kuzifunga kwa tepu ya umeme ndiyo inayoua picha katika nyumba nyingi nilizopanda paa zake. Tepu hiyo hukauka kwa jua letu, ikafunguka, na kuacha mdomo wazi wa kupokea maji. Maungio ya nje yafungwe kwa tepu ya mpira inayojigandisha yenyewe, kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko uufunike wa chini yake kama vigae, na waya uachwe uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya mpaka sebuleni.

Antena ikirudishwa juu, ncha yenye fito fupi zaidi ndiyo inayoelekezwa kwenye mnara wa kurushia matangazo, na fito zilale au zisimame kama zilivyo za majirani wanaopata picha nzuri. Aizungushe kidogo kidogo huku mtu wa chini akisoma ubora, akisubiri sekunde kadhaa kila mara, kwa sababu king'amuzi huchelewa kujibu. Boliti zipakwe grisi, la sivyo chumvi itazigandisha. Na kwa kuwa kunguru wa Dar es Salaam hawaachi kitu, fito zilizopindwa kwa kukaliwa anaweza kuzinyoosha kwa mkono taratibu. Kupinda kidogo hakudhuru.

Kuhusu usalama sitarefusha. Kama mlingoti ukianguka upande wowote unaweza kufikia nyaya za umeme za mtaani, basi kazi hiyo si yake, amwachie mwenye vifaa. Asipande bati lenye unyevu, asiushushe mlingoti akiwa peke yake, na mguu wa mlingoti uunganishwe kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyochimbiwa ardhini. Hilo halizuii radi kupiga, kwa hiyo ngurumo zikianza achomoe waya wa antena kwenye king'amuzi.

Akimaliza, atafute stesheni upya, kisha aandike ubora wa kila kundi la stesheni kwenye kipande cha karatasi akibandike nyuma ya king'amuzi. Masika yajayo namba zikishuka atakuwa na cha kulinganisha, na fundi akija na habari za busta atamwonyesha karatasi hiyo kwanza.