Maswali ya Wasomaji: Kutoka Utepe wa Unahodha hadi Benchi la Kocha

Barua nyingi za mwezi huu zimemtaja Aliou Cissé, nahodha wa Senegal wa 2002 aliyerudi baadaye kuinoa timu hiyo hiyo. Tumechagua tano.

Timu yetu ya mtaani inataka kumpa ukocha nahodha wetu aliyestaafu mwezi uliopita. Wazee wa timu wanasema hata Cissé alifanya hivyo. Ni kweli?
*Msomaji, Manyatta, Kisumu*

Si kweli, na umefanya vyema kuuliza mapema. Cissé aliangika daluga 2009. Timu ya taifa ya wakubwa alikabidhiwa Machi 2015. Katika miaka hiyo sita alifanya kazi pia na vijana wa chini ya miaka 23, mbali na kelele za mashabiki. Na hata baada ya kuteuliwa hakuvuna mara moja. Katika AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2017 alitolewa robo fainali na Cameroon kwa penalti, 2019 akapoteza fainali jijini Cairo 1-0 mbele ya Algeria, na kombe akalinyanyua 6 Februari 2022 jijini Yaoundé.

Nahodha huingia kazini na heshima tayari, na heshima hiyo ni mtaji. Lakini mtaji huo huanza kuliwa siku ya kwanza anapomwacha benchi rafiki aliyecheza naye juzi. Mpeni msimu mmoja awe msaidizi, na mmwachie jambo moja alisimamie peke yake, mathalani kona na frikiki. Ikiwezekana aanze na watoto wa chini ya miaka 15, ambao hawakucheza naye na hawamdai chochote.

Kosa kubwa la manahodha wa zamani huonekana Jumanne jioni uwanjani. Wachezaji ni 22, mipira ni mitano. Kocha mpya anawapanga mistari miwili mbele ya goli, pasi anatoa yeye, na kila mmoja anapiga shuti kwa zamu. Mchezaji akishapiga, anarudi nyuma ya mstari kupiga soga hadi zamu yake ifike tena. Saa nzima inapita, na miguu yake imegusa mpira mara chache mno.

Mipira hiyo hiyo mitano inatosha kabisa. Pima kwa hatua viwanja viwili vidogo, kila kimoja mita 30 kwa 20, na magoli ya koni yenye upana wa mita mbili. Weka watano kwa watano kila kiwanja. Mpira mmoja unachezwa, mmoja unakaa kando ili mchezo usisimame wa kwanza ukitoka nje. Hiyo ni minne. Wa tano wapewe makipa wawili wajifue pembeni. Wacheze dakika nne, wapumzike mbili, na warudie hadi vipindi vinne. Jumla ni dakika 22, na hakuna aliyesimama bure.

Kocha akae nje ya mstari. Asiingie kucheza hata kama mtu mmoja amepungua, kwa kuwa akiingia hatoona tena kiwanja kizima. Nahodha amezoea kuziba pengo kwa mbio zake mwenyewe. Kocha anapaswa kujua pengo limetokea wapi, na mara nyingi jibu liko kwa beki wa pembeni wa upande ambao mpira haupo: amebaki karibu na mstari badala ya kusogea ndani. Aseme hilo wakati wa mapumziko ya dakika mbili, jambo moja tu kila mapumziko. Kusimamisha mchezo kila mara kwa kipenga huwafanya wachezaji wangoje kuambiwa badala ya kuangalia.

Nilikuwa nahodha wa shule na wa klabu ya kaunti. Naweza kuruka ngazi za chini za leseni?
*Msomaji, Lurambe, Kakamega*

Usipange hivyo. Ngazi za leseni za CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ni D, C, B, A na Pro, kuanzia ya chini, na huku kwetu kozi hupitia Shirikisho la Soka la Kenya, FKF. Fuatilia matangazo ya tawi lako. Kama ndoto yako ni kuongoza klabu katika mashindano ya Afrika, jua kwamba CAF hutaka kocha mkuu awe na leseni ya A au ya juu yake.

Wengi hujikwaa katika sehemu ya vitendo. Wanajua soka, lakini hawajawahi kuandika zoezi likasomeka na mtu mwingine. Tafuta timu ya kufundisha kabla ya kozi, hata ya shule ya msingi, na uwe na daftari. Kwa kila zoezi andika shabaha, ukubwa wa eneo, idadi ya wachezaji, muda, na mambo matatu utakayoyasisitiza. Ukishindwa kuyataja hayo matatu, hilo zoezi bado halijaiva.

Tunajiandaa kwa kipute cha mtoano na tunahofia penalti. Cissé aliwafunza nini Senegal?
*Msomaji, Kaptembwo, Nakuru*

Mazoezi yake ya ndani hatutayabuni hapa. Kinachojulikana ni hiki: fainali ya AFCON ya 2002 dhidi ya Cameroon ilipoamuliwa kwa penalti, mkwaju wa mwisho wa Senegal ulikuwa wa Cissé mwenyewe, na aliukosa. Miaka 20 baadaye, katika fainali dhidi ya Misri, Sadio Mané alipoteza penalti mapema dakika ya saba. Mikwaju ya kuamua mshindi ilipofika, ni Mané huyo huyo aliyepiga wa ushindi, Senegal wakashinda 4-2. Kukosa mara moja hakukumfuta kwenye orodha.

Kwa timu yako, zoezi lifanywe mwisho, miguu ikiwa imechoka. Kila mpigaji atembee kutoka mstari wa kati akiwa peke yake, maana ile safari ndiyo inayowavunja wengi, kuliko zile mita 11. Achague upande kabla ya kuuweka mpira na asiubadilishe. Anayebadilisha nia katikati ya mbio ndiye anayempigia kipa mikononi. Apige mmoja tu kwa siku, kisha andika: nani, upande gani, matokeo. Baada ya wiki tano orodha itajipanga yenyewe.

Panga wote 11, kipa akiwemo. Anayeruhusiwa kupiga ni aliyekuwa mchezoni kipenga cha mwisho kilipolia, kwa hiyo usimtoe mpigaji wako bora dakika za mwishoni.

Je, Kenya haina nahodha aliyefuata njia hiyo?
*Msomaji, Busia*

Yupo Musa Otieno, nahodha wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, kwenye AFCON ya Tunisia 2004, Kenya ilipoichapa Burkina Faso 3-0. Baadaye aliingia benchi la ufundi la timu ya taifa kama msaidizi. Na kumbuka kundi letu la AFCON 2019: Algeria ya Djamel Belmadi ilitufunga 2-0, Senegal ya Cissé 3-0. Makocha hao wawili, wote wachezaji wa zamani wa mataifa yao, ndio waliokutana fainali.

Ni kweli Senegal walitolewa Kombe la Dunia 2018 kwa sababu ya kadi?
*Msomaji, Mbale, Vihiga*

Kweli kabisa. Wao na Japani walimaliza na alama nne, mabao manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na walipokutana wao kwa wao walikuwa wametoka sare ya 2-2. Zikahesabiwa kadi za manjano: Japani nne, Senegal sita. Hesabu ilikuwa hivi: manjano hukata alama moja ya nidhamu, nyekundu ya manjano mbili hukata tatu, nyekundu ya moja kwa moja nne, na manjano ikifuatwa na nyekundu ya moja kwa moja hukata tano.

Kabla ya kipute chochote chenye makundi, soma kanuni za waandaaji uone kadi zinahesabiwa wapi kwenye mpangilio wa kutenganisha timu zilizolingana alama. Kisha mpe msaidizi karatasi ya kadi za timu yako na za wapinzani wa kundi, aijaze baada ya kila mechi, siyo siku ya mwisho.