Mkate wa kumimina wa daftari la bibi, na neno moja lililonitesa mwaka mzima

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Muscat aliniandikia kwamba mkate wake wa kumimina umelala kwa mara ya tatu mfululizo, na kwamba amechoka kumwaga tui la kopo na mchele ilhali maelezo ameyafuata neno kwa neno. Nimeusoma ujumbe wake zaidi ya mara moja, kwa sababu malalamiko hayo ndiyo niliyokuwa nayo mimi miaka mitano iliyopita katika jiko la nyumba yetu hapa Unguja.

Bibi yangu alipofariki aliacha daftari lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wanawake wengi wa rika lake ambao elimu yao ilikuwa ya chuo cha Kurani. Ukurasa wa mkate wa kumimina una mistari minane tu. Unataka mchele kibaba kimoja, nazi tatu za wastani, sukari, hiliki, ute wa yai na tembo la pesa mbili. Kisha uchanganye, uache uumuke, umimine, upalie. Basi.

Niliona fahari kubwa kuwa na ukurasa huo, nikadhani kazi imekwisha. Kibaba hakikunisumbua, kwani ni robo ya kipimo cha pishi, na kile cha bati cha bibi mwenyewe nilipokijaza mchele na kuupima kilinipa gramu 680. Tembo, yaani maji yanayogemwa kwenye mnazi, ndilo lililonipa shida. Pesa ni zile sarafu za shaba zilizotolewa tangu enzi za Sultani Barghash, mwaka 1882, na shilingi iliingia Zanzibar mwaka 1936. Nikakisia kwamba mstari ule bibi aliunakili kwa mama yake, aliyekuwa akiumua mkate kwa tembo tamu la mnazi kabla hamira ya dukani haijazoeleka majumbani. Pesa mbili ni kiasi gani cha tembo, hakuna aliyebaki wa kuniambia. Nikaweka hamira vijiko vitatu, kwa tamaa ya kuona mkate umepanda.

Siku ya hitima ya bibi nikapeleka mikate miwili. Yote ilikuwa imepanda ikaporomoka, katikati imezama, na ukikata unakuta ugali mtamu usio na tundu hata moja. Mama yangu mkubwa alikitazama kipande chake, akakirudisha kwenye sinia, akasema mbele ya wanawake wote, "Basi, bibi yenu kaondoka na mkate wake." Sikumjibu, lakini usiku ule nililia, na maneno yale bado ninayasikia kila ninapoloweka mchele.

Nilijaribu tena na tena kwa muda wa mwaka mzima. Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye alikubali kuja kukaa jikoni kwangu asubuhi moja. Hakutaka kuliona daftari. Aliinamisha sikio juu ya bakuli la mchanganyiko, akaniambia, "Huu bado unasema, ngoja," na kweli ukisikiliza unasikia mapovu yakipasuka kwa sauti ndogo. Sufuria nayo akaisogeza motoni kwanza hadi ikapata joto na samli ikatanda, ndipo akamimina. Halafu akafanya jambo ambalo daftari lilikuwa limelificha ndani ya neno moja, "upalie", yaani uuwekee moto wa juu. Hakupalia mara moja. Aliacha moto mdogo wa chini ufanye kazi peke yake mpaka uso wote ukajaa vitundu kama sega la nyuki na kingo zikaanza kukauka, ndipo akafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Joto la juu likitangulia, uso hufunga, mvuke hukosa njia, na mkate huiva ukiwa mzito. Mimi nilikuwa nikiutia katika oveni tangu mwanzo, yaani nikiupalia kabla haujazaliwa.

Waliotuandikia mapishi haya walimwandikia mtu aliyekuwa amesimama nao jikoni tangu utotoni, kwa hiyo waliacha kila ambalo mtoto wa nyumba ile alilijua tayari. Ndugu yangu unayetaka kufufua pishi la zamani, usijifungie na karatasi. Mtafute mzee ambaye mkono wake bado unakumbuka, mkalishe kwa heshima, mtazame, na upime kila anachokitia kabla hakijafika chunguni. Tena naomba tuwe waaminifu. Kubadili jiko ni haki yetu, kwa maana si kila mtu ana makaa. Lakini anayeondoa mchele akaweka unga wa ngano na beking pauda, kisha akauita mkate wa bibi, amepika mkate wake mwenyewe na ausimamie kwa jina lake.

Idd iliyopita niliupika nyumbani kwa mama mkubwa. Alikigeuza kipande akatazama matundu ya ubavuni, akala, akaomba cha pili. Ya hitima hakuyataja, nami sikumkumbusha.

Sasa nirudi kwako, dada wa Muscat. Loweka gramu 400 za mchele Alhamisi jioni, na uwe mchele mkavu wa zamani, si mpya unaonata. Tui la kopo ulilotumia huenda limeongezwa vitu vya kulizuia lisijitenge, na kwangu mkate wa tui hilo haukufungua matundu. Tafuta nazi iliyokunwa na kugandishwa, uikamue mwenyewe upate kasimile, yaani tui zito la kwanza, mililita 400, iwe vuguvugu tu, kwa kuwa tui la moto huua hamira. Saga na hiliki na sukari gramu 180 mpaka ukiufikicha mchanganyiko vidoleni usisikie chenga, kisha tia hamira kijiko kimoja cha chai, kisizidi, na ute wa yai moja mwishoni. Ukishatulia kusema, mimina katika sufuria nzito iliyokwisha kupata joto, isiyo na mpini wa plastiki, juu ya moto mdogo. Matundu yakienea hadi katikati na uji usitembee tena ukiinamisha sufuria kidogo, ihamishie kwenye oveni uliyowasha moto wa juu peke yake, na usiondoke hapo, maana kutoka rangi ya asali hadi kuungua ni dakika chache sana. Uache upoe kabisa kabla ya kuukata.