Muulize Mwalimu: Mota haili elektroni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), hapa Tanga mjini. Nimesoma kuwa elektroni ikikutana na pozitroni, yaani pacha wake mwenye chaji chanya, zote mbili hupotea, ikabaki nishati tu; ndiyo huitwa maangamizi. Sasa betri ina ncha chanya na ncha hasi. Nikiziunganisha kwenye mota, mota inazunguka na mwishowe betri inakufa. Je, si maangamizi yale yale? Mwenzangu kanicheka, ila jibu hana. (Msomaji, Makorora)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anayecheka bila jibu hajakuzidi kitu. Ulipopotea ni kwenye ile ncha chanya: umedhani kule kuna pozitroni zimekaa zinasubiri. Hakuna hata moja. Ncha chanya ni mahali palipopungukiwa elektroni, basi. Ndani ya waya wa shaba zinazotembea ni elektroni peke yake, na ni nyingi kweli: mkondo wa ampia 1 hupitisha elektroni kama bilioni 6 mara bilioni moja kila sekunde. Idadi inayoingia kwenye mota ndiyo inayotoka.

Kwa kuwa mji wetu umejaa baiskeli, tazama mnyororo. Ukikanyaga pedeli, gurudumu la nyuma haliumalizi mnyororo. Unarudi mzima, ila nguvu ya mguu imeshafika ilikokwenda. Betri ndiyo mguu. Ikifa, zilizokwisha ni kemikali zake za kusukumia.

Kinachozungusha mota ni kani ya sumaku juu ya waya wenye mkondo, ile ambayo mwelekeo wake unaupata kwa vidole vya mkono wa kushoto kama alivyofundisha mwanasayansi Fleming. Tafuta kigari kibovu cha mtoto, ufungue mota yake. Utakuta sumaku mbili zilizopinda zimekumbatia ukuta wa kopo, koili tatu za waya mwembamba, na kwenye ekseli komyuteta (pete iliyokatwa, inayogeuza mkondo wa koili) ya vipande vitatu ikiguswa na burashi mbili zinazoleta umeme. Kitabuni wanachora koili moja na nusu pete mbili. Mchoro ule siupendi. Mota ya namna hiyo ikisimama burashi zikiwa juu ya mwanya, haiondoki mpaka uisukume kwa kidole, na mwanafunzi haambiwi. Vipande vitatu vinaondoa shida hiyo. Zile cheche ndogo kwenye burashi nazo si maangamizi: mkondo wa koili unapokatwa ghafla, volti hupanda na kuipasua hewa.

Maangamizi yenyewe ni habari nyingine. Pozitroni ilichungulia kwanza kwenye hesabu za mwanafizikia Dirac, kisha mwaka 1932 Carl Anderson, huko Marekani, akaona alama ya njia yake ndani ya chumba cha ukungu, chombo chenye mvuke ambamo chembe ikipita huacha mstari: chembe nyepesi kama elektroni, lakini sumaku inaipinda kwenda upande wa pili. Ikikutana na elektroni taratibu, kwa kawaida hutoka fotoni (chembe za mnururisho) mbili za gama, kila moja na nishati ya elektrovolti 511,000, zikikimbia pande mbili zinazopingana. Ingetoka fotoni moja tu, hesabu ya momenta (kipimo cha msukumo wa mwendo) isingekubali. Chaji ilikuwa sifuri kabla, ni sifuri baadaye. Tungamo ndilo lililogeuka nishati.

Sasa linganisha. Elektrovolti ni nishati ambayo elektroni moja hupata ikisukumwa na volti moja, kwa hiyo betri ya volti 1.5 huipa kila elektroni elektrovolti 1.5. Kuumba jozi ya elektroni na pozitroni kunahitaji 1,022,000. Hata soketi ya volti 230 haikaribii. Ukitaka pozitroni karibu yako, menya chungwa la Muheza: ndani mna potasiamu, sehemu ndogo yake ni potasiamu-40, aina yenye mnururisho, nayo mara chache mno hutoa pozitroni, ambayo haifiki mbali kabla ya kuangamia humo humo. Kula tu, halina neno.

SWALI: Mwalimu, nina mashine ya kukunia nazi sokoni Mgandini. Ikikwama inanguruma na kunuka. Fundi ameshaisuka mara mbili. Tatizo ni waya mbovu? (Mama muuza nazi)

JIBU: Dada yangu, huenda waya hauna kosa. Mota ikizunguka huzalisha umeme wake unaoupinga ule unaotoka ukutani, ndiyo maana hula mkondo wa kiasi. Ikikwama, upinzani huo unatoweka na mkondo hufika mara tano au sita ya kawaida. Joto hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo sita ni thelathini na sita. Vanishi, ile rangi inayokinga waya wa koili, ndiyo inayonuka.

(Wewe wa Makorora, jaribu: funga kibalbu cha tochi mfululizo na mota ya kigari. Ikizunguka, balbu hafifu. Shika ekseli, balbu inang'aa.)

Kwa hiyo ikikwama, zima swichi papo hapo, ndipo uchokoe nazi. Usivute nazi huku inanguruma, vidole vyako vina thamani. Mwambie fundi akufungie ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, inayolingana na ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Na jioni ukiona taa zimefifia, acha kukuna. Umeme ukiwa mdogo, mota hukwama kwa nazi ambayo mchana ingeikuna bila taabu.